Njia ya Mkato

Kiwanja nilichopewa kiko Ngamiani,
kati ya Barabara ya Kumi na Sita na ya Kumi na Saba,
hatua sitini kwa arubaini na mbili.
Nilihesabu kwa miguu; futi kamba ya Jiji ilikatika kwenye thelathini.

Kwenye karatasi ni mstatili mtupu.
Kwenye ardhi kuna kovu:
njia nyembamba, imekwenda mshazari
toka kona ya fundi baiskeli hadi mgongoni mwa soko,
nyeupe, ngumu kama kigae,
imesagwa na visigino vya miaka ambayo hakuna aliyeiandika.

Mchoro wangu wa kwanza uliifuta.
Niliweka uzio, geti, kibanda cha mlinzi,
meza ya kuachia mikoba,
na juu ya mlango, kwa herufi za shaba: KIMYA.
Usiku niliutazama tena, chai imepoa.
Nilikuwa nimechora benki.
Au mahabusu yenye rafu.

Nikarudi, waja leo mwenye rula,
nikaomba kigoda kwa Sekiteke fundi.
Hakuuliza habari za vitabu.
"Baiskeli zitalala wapi?
Mtu wa Tanga hasomi
roho yake ikiwa nje imeegemea mti."

Kidawa wa vitumbua aliuliza choo.
Kitakuwa wazi, au kufuli, na ufunguo kwa bosi
aliyekwenda semina?
Nikaandika pembeni: choo kwanza.

Mwanamkasi, kidato cha tatu,
husomea chini ya taa za kituo cha mafuta.
Kiti laini hakitaki.
Anataka meza ambayo hakuna atakayemwambia
inuka, mpishe mteja.

Na Mbwana Hoza, mstaafu wa karakana ya reli,
ambaye macho yalimzimikia kazini,
alipitisha vidole juu ya karatasi yangu, polepole,
kama anayetafuta ufa kwenye chuma.
"Mimi umenichora wapi?"
Karatasi ilikuwa laini kote.

Basi nikaanza upya.
Njia ndiyo mwenyeji; jengo ndilo mgeni,
na mgeni hapiti sebuleni akahamisha vitanda.
Nikaipa njia paa.
Kushoto kelele: watoto, kikoba cha kina mama,
mashine ya kuchapa barua za kuomba kazi.
Kulia ukimya, kwa anayeutaka.
Ukuta wa matofali ya matundu, upepo upite mvua ibaki,
maana chumvi ya hapa hula nondo
na kuvu haijui kusoma lakini humaliza kitabu.
Madirisha ya chini, usawa wa mtoto,
amwone mwenzake ameinamia ukurasa, aone wivu.
Na baraza, urefu wote wa mbele,
kwa sababu watu walisomana hapo kabla ya kusoma.

Mhandisi Shekalaghe alivua miwani.
"Watapita na ndoo za samaki ndani ya maktaba?"
"Watapita."
"Na vitabu vikiibwa?"
"Kitabu kilichoibwa Ngamiani, mzee, kitaonekana Ngamiani."
Hakucheka.
Akakata ghorofa ya pili kwa wino mwekundu,
mstari mmoja tu, na ngazi zangu zote zikaenda nao.
Njia hakuigusa.

Jana tumepiga vigingi.
Kamba tumezifunga usawa wa kiuno,
chini mbuzi wangezila.
Ukuta hakuna, ila Kidawa, beseni kichwani,
alifika penye pengo akaita "Hodi!"
na mafundi wakaitikia kwa pamoja.

Hoza alikuja jioni, peke yake.
Akaishika kamba.
Akaifuata, kiganja kikiteleza juu ya mkonge,
kona, kona nyingine, nami nyuma yake nimebana pumzi,
mpaka mkono ukashika hewa.

"Hapa mlango?"
"Hapa."
Akanyoosha mikono yote miwili kuupima,
haikugusa kitu.
"Mpana," akasema,
akavua ndala zake, akaziweka sambamba kwenye vumbi,
akaingia.